Kilomita 74 za msituni zimenila siku nzima: tatizo ni mimi, baiskeli au njia?

*"Habari mtaalamu. Nina baiskeli ya changarawe, tairi za milimita 40 zenye tyubu, na kwenye lami nimezoea kwenda wastani wa 25 kwa saa bila shida. Wikiendi iliyopita nikachora njia kwenye apu, mzunguko wa kilomita 74 unaopita msituni na kwenye vilima, apu ikasema jumla ya kupanda ni mita 1,600. Nikapiga hesabu nikaona masaa matatu, manne yakizidi, nimemaliza. Nimetumia masaa nane na dakika ishirini, kipande cha mwisho nimemalizia gizani kwa tochi ya simu. Kwenye milima tairi ya nyuma ilikuwa inazunguka bure nikawa nashuka nasukuma, njia mbili ziliishia porini tu, nikapata pancha mbili, na leo siku ya tatu kidole kidogo na cha pete vya mkono wa kulia bado vina ganzi. Nina kilo 72, upepo najaza 60 psi, gia ni meno 40 mbele na kubwa kabisa ya nyuma ni 36. Wenzangu wengine wanasema ninunue baiskeli ya mlimani, wengine wanasema sina mazoezi. Tatizo ni mimi, baiskeli au njia? Na inayofuata niichoreje?"*

Pole kwanza kwa hiyo siku, na asante kwa kuandika namba zote, maana watu wengi huwa wanauliza "mbona nachoka" bila kusema gia wala upepo, unabaki unabahatisha tu. Kwako sihitaji kubahatisha sana. Nikijumlisha ulivyoandika, masaa nane kwa njia ile na baiskeli ile ilivyofungwa ni muda wa kawaida kabisa. Kilichokosewa ni yale masaa manne uliyoyapanga, na hayo yametoka kwenye kupima njia kwa kilomita. Kwenye vilima kilomita hazisemi kitu, kinachosema ni mita za kupanda na aina ya ardhi unayokanyaga.

Hebu tulifanye hili kwa hesabu kabisa. We na baiskeli na maji na vifaa tuseme mna kilo 85, na nguvu unayoweza kuitoa masaa mengi mfululizo tuseme ni wati 150, ambayo kwa mtu anayeendesha kwa kupenda tu ni nguvu nzuri. Kwenye lami tambarare wati 150 zinakupa karibu 28 kwa saa. Kwenye changarawe tambarare iliyoshikana zinakupa kama 25. Umeona? Tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, changarawe yenyewe haikuibii sana. Sasa inua barabara asilimia 5, yani mita 5 juu kwa kila mita 100 za njia, unaenda 9 hivi kwa saa. Inua asilimia 10, unaenda 5 na nusu. Asilimia 15 unafika chini ya 4, yani mtu anayetembea kwa miguu anakupita akiwa anaongea na simu. Wati ni zile zile, mtu ni yule yule, mazoezi ni yale yale.

Na hapa ndo watu wengi wanajidanganya, wanasema sawa nimepanda polepole lakini nitafidia nikishuka. Hufidii. Chukua mlima wa kilomita 5 uupande kwa 6 kwa saa, hiyo ni dakika 50, afu ushuke kilomita 5 upande wa pili kwa 30 kwa saa, ni dakika 10, jumla umetumia saa nzima kwa kilomita 10. Hata ukishuka kwa 60 kwa saa, jambo ambalo kwenye changarawe ya msituni silishauri kwa mtu anayependa meno yake, umeokoa dakika 5 tu. Muda wote unaliwa kwenye kupanda na hakuna mteremko unaoweza kuurudisha.

Kwa hiyo njia ya vilima inapimwa hivi. Kwa nguvu na uzito niliotaja hapo juu unapanda kama mita 500 za wima kwa saa. Mita 1,600 gawa kwa 500 unapata masaa 3 na dakika 12, na huko ni kupanda peke yake, hujateremka, hujanywa maji. Kama milima yako ilikuwa na wastani wa asilimia 7, kupanda kumekula kilomita 23 hivi za njia. Bado 51. Kushuka kilomita nyingine 23 na kona na breki tuseme saa moja na ushee, na zile 28 za kupinda pinda msituni saa moja na nusu hadi mbili. Tayari uko karibu na masaa sita ukiwa unasogea tu, ongeza pancha mbili, kusukuma, kurudi nyuma mara mbili baada ya njia kuisha, kula, kuangalia ramani, nane hiyo hapo. Watembea milima wana kanuni ya aina hii tangu 1892, aliitoa Mskoti aitwaye William Naismith, saa moja kwa kila kilomita 5 na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda, na haijazeeka kwa sababu inahesabu mwinuko kivyake na umbali kivyake. Waendesha baiskeli tumechelewa kujifunza kwa sababu lami imetuzoesha vibaya. Safari ijayo chukua mita za kupanda ugawe kwa 500, ongeza kilomita zilizobaki gawa kwa 18, ongeza robo ya jumla hiyo kwa ajili ya kusimama. Ukiona jibu linakaribia saa la jua kuzama, futa kipande, na kumbuka kwamba ndani ya msitu giza linaingia mapema kuliko nje.

Ila hata hiyo 1,600 usiiamini kama ilivyo, na hapa nitachukua muda kidogo kwa sababu msitu una ujanja wake. Apu nyingi zinapata urefu wa ardhi kutoka kwenye data iliyopimwa kwa rada na chombo cha anga za juu Endeavour mwezi Februari 2000, au data iliyojengwa juu ya hiyo. Ni kazi kubwa sana iliyofanyika kwa siku 11 tu, lakini imeigawa dunia kwenye miraba ya mita 30 kwa 30, mahali pengine 90 kwa 90, na kila mraba umepewa namba moja. Sasa wewe kipande chako cha mita 40 chenye asilimia 18, kile kilichokushusha kwenye baiskeli, kimeingia ndani ya mraba mmoja au miwili na kulainishwa na ardhi ya jirani, apu inakuonesha 9 au 10. Cha pili, rada ile haikupenya majani yote mpaka chini, sehemu kubwa iligonga katikati ya miti ikarudi. Kwa hiyo pale msitu mzito unapokutana na uwazi, ramani inaweza kuona ukuta ambao haupo, na njia inayopita pembeni mwa msitu inaandikiwa vipandishi vidogo vidogo vya uongo. Unaweza kukuta jumla imezidishwa na wakati huo huo ukali wa vipande umepunguzwa! Kama eneo lako limepimwa kwa leiza kutoka kwenye ndege, tumia apu inayosoma data hiyo, ile inaona ardhi kupitia mianya ya majani na tofauti utaiona mwenyewe.

Kama hamna, rudi kwenye mistari ya kontua, ile inayounganisha kwenye ramani sehemu zenye kimo sawa, haina utani. Angalia kwanza mistari imepishana mita ngapi za kimo, mara nyingi ni 10 au 20. Ikiwa ni 20 na barabara yako inakata mistari mitano ndani ya kilomita moja, hapo ni asilimia 10. Ikiikata mitano ndani ya nusu kilomita, jiandae kusukuma. Fanya hivyo kwa kila mlima mmoja mmoja, sio kwa njia nzima, kwa sababu jumla inaficha. Mita 600 za kupanda zilizosambaa kilomita 12 na mita 600 zilizorundikana kwenye vipande vitatu vya kilomita moja na nusu ni namba moja kwenye apu na ni siku mbili tofauti kwenye miguu.

Njia mbili kuishia porini hilo nalo lina sababu, wala sio bahati mbaya. Barabara nyingi za msituni hazikujengwa kuunganisha sehemu na sehemu, zimejengwa kutoa magogo. Lori linatakiwa lifike mahali magogo yanaporundikwa ligeuze lirudi, basi, kazi imeisha, hakuna aliyewaza kuhusu mzunguko wako wa Jumamosi. Kwenye ramani barabara kuu ya malori utaitambua kwa sababu inafuata kontua, inazunguka zunguka mlima kwa kona nyingi, maana lori lenye mzigo halipandi ukuta, na hii ndo rafiki yako, huwa pana, imeshindiliwa, ina mtaro pembeni. Vijitawi vinavyotoka humo na kukata kontua moja kwa moja kwenda juu au chini, hizo ni njia za kuburutia magogo. Zinachimbika, zinaachwa, mwaka wa pili vichaka vimeziba, ila kwenye ramani bado zimechorwa mstari ule ule na apu ikiona zinafupisha safari inakupitisha huko bila huruma.

Apu nyingi za baiskeli zinatumia ramani ya OpenStreetMap, ile inayochorwa na watu wa kujitolea tangu 2004, na humo kuna hazina ambayo wengi hawaifungui. Gusa njia yenyewe usome maelezo yake. Njia za shambani na msituni zinapewa ngazi 1 mpaka 5, ambapo 1 ni ngumu kabisa iliyoshindiliwa au hata ya lami, na 5 ni udongo laini na majani. Kwa tairi za milimita 40 ngazi ya 1 na 2 ni raha, ya 3 inategemea mvua, ya 4 na ya 5 hakikisha una sababu nzuri ya kuwa huko. Kama mchoraji hakujaza ngazi, fungua picha ya setilaiti uangalie kama unaona alama mbili za tairi za gari. Ukiona mstari unapotea chini ya miti na hautokei upande wa pili, chukulia njia hiyo imekufa. Kuna apu zinazoonesha kwa mng'ao njia ambazo watu wanapita sana, hizo nazo zinasaidia, ila kumbuka mng'ao huo umechanganya waliokwenda na baiskeli za mlimani na wengine wanakimbia kwa miguu, kwa hiyo njia kung'aa haimaanishi tairi lako linafaa.

Tuje kwenye tairi kuzunguka bure, na hapa ndo nitaitetea miguu yako. Kwenye asilimia 10 ulikuwa unaenda 5 na nusu kwa saa, gurudumu lako lina mzunguko wa mita 2.2 hivi, kwa hiyo linazunguka kama mara 41 kwa dakika. Meno 40 mbele na 36 nyuma, pedeli zako zinazunguka mara 37 kwa dakika. Thelathini na saba! Hiyo sio kuendesha tena, ni kusukuma pedeli moja, unangoja, unasukuma nyingine. Nguvu inakuja kwa mapigo, kila pigo ni kubwa sana na katikati hamna kitu, na tairi linaachia pale pigo linapozidi mshiko wa changarawe. Afu kwa sababu gia ni nzito unasimama, ukisimama uzito unahamia mbele, gurudumu la nyuma linabaki jepesi, linazunguka hewani. Mtu wa pembeni anaona huna mazoezi. Mtu yeyote mwenye wati 150 angeachia hapo hapo.

Dawa ni gia nyepesi. Ili uzungushe mara 60 kwa dakika kwenye mlima ule unahitaji kama meno 30 mbele na 44 nyuma, ambayo baiskeli nyingi za changarawe haziji nayo, watengenezaji wanapenda kuuza kasi. Sio lazima ufike huko, lakini 36 mbele na 42 nyuma tayari inakutoa 37 inakupeleka karibu 48, na utaisikia kwenye magoti. Usiende kununua friwili kubwa kichwa kichwa ingawa, kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni kina kikomo cha meno kinachoweza kubeba, na cheni yenyewe inaweza kuwa fupi, ukiingiza gia kubwa cheni inakaza inavunja vitu. Hii ni kazi ya fundi aiangalie baiskeli kwa macho, mpelekee kabisa namba unazotaka. Kubadili meno ya mbele peke yake ndo mara nyingi rahisi kuliko yote. Wakati unasubiri, kwenye mlima uliolegea kaa kwenye siti, sogea mbele kidogo mpaka ncha ya siti, kunja viwiko kifua kishuke, na chagua gia kabla mlima haujaanza. Ikifika asilimia 15 ya changarawe iliyolegea shuka utembee, unaenda kasi ile ile na unatunza miguu.

Na sio changarawe zote zinashika sawa, hii jifunze kuisoma kwa macho. Kokoto zilizopasuliwa zina kona kali, zinakabana, na zikichanganyika na vumbi lenye udongo wa mfinyanzi kidogo zikashindiliwa unapata barabara inayokaribia lami. Kokoto za mtoni ni za mviringo, hazikabani kabisa, kupanda juu yake ni kupanda juu ya gololi. Halafu kuna yale matuta madogo madogo ya mawimbi yanayokukung'uta mpaka macho, yanajitengeneza yenyewe pale magurudumu yanapopita kwa kasi juu ya ardhi kavu iliyolegea, gurudumu linaruka kidogo, linatua, linachimba, linalofuata linaruka pale pale, na ndo maana utayakuta zaidi karibu na kona na kwenye vipandishi ambako magari yanafunga breki au kukanyaga mafuta. Kaa ukingoni kabisa mwa barabara, mara nyingi pana utepe wa sentimita chache ambao haujaharibika.

Upepo. 60 psi kwa tairi la milimita 40 na mtu wa kilo 72 ni nyingi mno kwa msituni, na najua umefanya hivyo kwa sababu kwenye lami tairi gumu unalisikia likiwa na mbio. Kwenye lami laini sana kuna ukweli wa kiasi. Kwenye mawe, tairi gumu haliwezi kubonyea kulipisha jiwe, kwa hiyo kila jiwe linainua baiskeli nzima na wewe juu yake, na nguvu ya kukuinua inatoka kwenye miguu yako mwenyewe, inaishia kutikisa nyama za mwili wako ikapotea kama joto. Tairi lenye upepo wa wastani linalimeza jiwe na baiskeli inaendelea mbele. Linakanyaga eneo kubwa zaidi pia, kwa hiyo mshiko unaongezeka. Anza na 38 nyuma na 35 mbele ukiwa na tyubu, endesha nusu saa, shusha 2 uone, rudia. Kikomo cha chini ni pale unaposikia rimu ikigonga jiwe. Na soma kilichoandikwa ubavuni mwa tairi na kwenye rimu, hivyo vikomo vya kiwandani usivipite juu wala chini.

Zile tyubu mbili zilizotoboka usizitupe kabla hujazikagua. Matundu mawili yamekaa sambamba maana yake tyubu ilibanwa kati ya jiwe na rimu, upepo ulikuwa mdogo au uligonga kitu kikali kwa kasi. Tundu moja upande wa nje ni mwiba au ncha ya jiwe. Kwa 60 psi naweka dau kwenye hilo la pili. Tairi za tyublesi, yani zisizotumia tyubu, zenye gundi ya maji ndani zinaziba vitundu hivyo zenyewe na zinakuruhusu kushusha upepo zaidi, 32 hivi kwako, lakini gundi inakauka baada ya miezi michache lazima iongezwe, na jiwe likichana ubavu wa tairi haizibi kitu. Waulize wanaokimbia mbio za Unbound Gravel huko Kansas, Marekani, zilizoanza 2006: vilima vya Flint Hills sio virefu hata kidogo, ila vimejaa gumegume, mawe magumu yenye kingo kali, na zinachana tairi za watu kila mwaka. Kwa hiyo hata na tyublesi beba tyubu ya akiba, kiraka cha kuweka ndani ya mchano, na pampu.

Baiskeli ya mlimani? Kwa njia zile mbili zilizoishia porini ingekusaidia, kwa sababu ina gia nyepesi, tairi nene na shoku. Kwa njia iliyobaki ungeibeba tu. Kama unachotaka ni vijia vyembamba vya mizizi na mawe makubwa, wenzako wako sahihi, nunua. Kama unachotaka ni kwenda mbali kwenye barabara za msituni, ulichonacho kinatosha, kibadili gia, na kama fremu ina nafasi weka tairi za milimita 45. Pima nafasi kwanza, tope likijaa kati ya tairi na fremu linakula rangi na mwisho linafunga gurudumu.

Njia inayofuata mi ningeichora hivi: chagua sehemu moja katikati unayoweza kuirudia, halafu uchore mizunguko miwili ya kilomita 25 inayokutana hapo, ili ukimaliza wa kwanza umechoka au anga limebadilika uende nyumbani bila kuwa mateka wa msitu. Mlima mkubwa uwe kwenye mzunguko wa kwanza. Upande wenye ardhi ngumu uutumie kupanda hata kama ni mkali kidogo, na upande wa changarawe iliyolegea, kama hauepukiki, uwe wa kushuka na mwinuko wake uwe mdogo, kwa sababu asilimia 12 ya kokoto zilizolegea ukiwa unashuka ni hatari kuliko unavyofikiri. Funga breki kabla ya kona, ukiwa umenyooka, zote mbili, halafu ziachie upite. Usizishike kidogo kidogo mteremko mzima, breki za diski zinapata moto na lever inaanza kuwa laini mkononi. Ikiwa laini simama zipoe, usimwagie maji. Baada ya mvua njia za juu ya mgongo wa mlima hukauka mapema na za bondeni hubaki tope kwa siku kadhaa, kwa hiyo hamishia mzunguko juu. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, mwambie mtu njia na saa la kurudi, beba taa ya kweli ya baiskeli.

Kabla hujaenda, pigia wasimamizi wa msitu husika. Picha ya setilaiti haikuambii kwamba wiki hii wanakata miti, geti limefungwa, au dhoruba imelaza miti kumi barabarani. Na uliza malori yanapita siku gani, kona ya msituni na lori la magogo sio mahali pa kukutana.

Mkono nimeuweka mwisho makusudi kwa sababu ndo kitu pekee hapa ambacho siwezi kukimaliza kwa maandishi. Kidole kidogo na cha pete kinalishwa na neva ya ulna, inayopita kwenye kijishimo chini ya kiganja upande wa kidole kidogo, pale pale unapoegemea hendeli. Masaa nane ya mtetemo wa tairi la 60 psi ukiwa umeegemea hapo, neva imekandamizwa ikachoka. Mara nyingi inarudi yenyewe kwa siku chache hadi wiki kadhaa ukiipumzisha. Kwa hiyo usiendeshe mpaka ganzi iishe, na ukirudi shusha upepo, weka utepe mnene kwenye hendeli, badili mkao wa mikono kila dakika chache, na angalia ncha ya siti isiwe imeinama mbele maana inakumwagia uzito wote mikononi. Mtaalamu wa kupima mkao akikuona ukiwa juu ya baiskeli ataona kwa dakika kumi ambacho mimi sikioni kabisa.

Lakini jaribu hiki leo: bana karatasi kati ya kidole kidogo na cha pete, mtu aivute. Ikiteleza upande wa kulia na kushoto inashika, hiyo ni udhaifu wa misuli, sio ganzi tu, nenda kwa daktari wiki hii hii. Nenda pia kama ganzi itapita wiki mbili bila kupungua, kama vidole vinashindwa kutanuka, au kama inapanda mkononi na shingo inauma, hapo chanzo kinaweza kuwa shingoni. Na kama ganzi ingekuwa kidole gumba na cha shahada na inakuamsha usiku, hiyo ni neva nyingine na tiba yake ni nyingine, mwambie daktari vidole gani hasa.